Mbuzi Yangu Imeingia Hotelini

Mtu wa kisiwa cha Mafia akialikwa shughuli, kwanza huhesabu milango. Hatukuzaliwa na wasiwasi huo, tumerithishwa. Wazee wanasimulia kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, na siku ya kulishua wakawaalika jirani zao wa Kua. Walipofika, wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani kama magogo, jahazi likapita juu yao mpaka majini. Watu wa Kua hawakusema neno. Walinyamaza miaka, kisha wakaandaa harusi na wao wakawaalika watu wa Kisimani. Wageni wakakaribishwa kwenye chumba kizuri cha chini kwa chini, vyakula vikaja, ngoma ikapigwa, na walipokwisha kunogewa wenyeji wakatoka mmoja mmoja na mlango ukajengwa kwa mawe. Magofu ya Kua yapo mpaka leo kisiwani Juani. Ukienda, ukakaribishwa chumbani, uliza kwanza nani anabaki nje.

Kwa hiyo kadi ilipofika nyumbani sikukimbilia kufurahi. Ilikuwa kadi nene, rangi ya maziwa, ina picha ya mnazi uliopinda kama unaokota kitu. Nimealikwa Usiku wa Sanaa na Utamaduni wa Mafia katika hoteli moja ya Utende. Jina la hoteli nalihifadhi, maana mpwa wangu bado anakula mshahara wao na mimi bado namkopa. Chini ya jina langu wameandika "mzee wa mila". Mimi nimefundisha hesabu na Kiswahili katika shule za msingi miaka 34. Mila pekee niliyoisimamia ni ya kusubiri mshahara.

Mke wangu aliisoma kadi mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kiingilio.

"Wamekuita kwa sababu ya ile mbuzi," akasema, akarudi jikoni.

Hapo ndipo penye kidonda. Nasema mbuzi ya nazi, si mbuzi wa majani. Mbuzi wa majani ana ngeli yake na mbuzi ya nazi ina yake, na asiyejua tofauti asinisalimie. Hii ilikuwa ya marehemu mama yangu. Iliundwa na fundi wa mashua wa kisiwa jirani cha Chole kwa mbao iliyobaki kwenye mashua ya mtu, akalipwa pweza wawili. Mbao mbili zimepitana katikati: ukizikunjua ni kigoda, ukizikunja unatundika msumarini. Mbele limetoka jino la chuma kama ulimi wa mtoto anayekukejeli. Kikalio kilikuwa kimelika kwa miaka 40 ya kukaliwa, kinang'aa kuliko meza ya mkuu wa shule. Meno mawili ya upande wa kushoto yalikatika siku dada yangu alipotaka kufungulia kopo la rangi, na tangu hapo kila wali wa nyumbani kwetu ulikuwa na chembe moja ya kifuu, ngumu kama kokoto. Sheria ya mama ilikuwa fupi: aliyeing'ata ndiye anayeosha vyombo.

Basi mwaka jana mpwa wangu alipita.

"Shikamoo mjomba. Hamna vitu vya zamani humu ndani?"

"Nipo mimi."

"Vitu, mjomba. Hoteli inakusanya."

Nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikamfukuza mtetea aliyekuwa amelalia, nikaitoa mbuzi. Akanipa shilingi 20,000. Niliagana naye upesi upesi kabla hajazinduka, maana nilidhani nimemtapeli. Mke wangu alikuwa matangani, kisiwani Jibondo. Aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya polisi wa usalama barabarani, kama ni kweli nimeuza kikalio cha mama mkwe wake. Nikajitetea kwamba tangu lini sisi tunakuna nazi? Na kweli, msomaji, nisikufiche. Nyuma ya nyumba yangu kuna minazi 11. Ndani ya friji yangu kuna tui la pakiti lililokuja kwa boti kutoka Nyamisati. Nazi zangu zinapanda boti kwenda bara, tui linapanda boti kuja kwangu, na katikati kuna watu wanaojenga maghorofa.

Siku ilipofika niliongozana na jirani yangu Maalim wa madrasa, ambaye naye ameandikwa mzee wa mila, nadhani kwa ajili ya ndevu. Kutoka Kilindoni mpaka Utende ni kilomita 14 za lami. Kabla ya lami mtu alikuwa anafika kwenye shughuli akiwa na rangi ya tofali. Kwenye geti la Hifadhi ya Bahari mgeni hulipa ada na mwenyeji huulizwa anakwenda wapi. Hifadhi hii ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa 1995, ina kilomita za mraba 822, na nikishavuka geti nami nimo ndani yake pamoja na matumbawe. Nikatoa kadi. Askari akasoma "mzee wa mila", akanipigia saluti ambayo bado naifikiria.

Nilipofika nikahesabu milango. Haikuwapo. Hoteli hizi hazina kuta kule mbele. Zina nguzo, upepo na paa la makuti. Nikatulia, maana huwezi kumjengea mtu mlango mahali pasipo na ukuta. Lakini yale makuti yakaniuma. Mimi nilijinyima miaka mitatu nikaezua makuti ya baba, nikapiga bati, nikaonekana mtu. Sasa niko chini ya paa ambalo watu wamepanda ndege kuja kulala chini yake, na bati langu mchana linanipika kama andazi.

Kitu cha kwanza kilichonipokea ni simba.

Alikuwa ukutani (ukuta mmoja waliujenga kwa ajili yake), macho kama sahani, mgongo wa madoadoa, na chini yake karatasi: "Sanaa ya Mafia". Sasa Mafia hakuna simba. Hatujapata kuwa naye, na Mungu akitujalia hatutakuwa naye. Tuna viboko wachache, ambao wazee wanasema mababu zao walisombwa na maji ya Rufiji wakaogelea mpaka huku. Tuna popo wa Chole, wakubwa, wananing'inia mchana kutwa miembeni kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Tuna papa potwe anayekuja mbele ya Kilindoni tangu Oktoba mpaka Machi, mrefu kuliko Hiace, mdomo wazi, na hajamgusa mtu. Hao hawakualikwa.

Sina ugomvi na marehemu Edward Saidi Tingatinga. Yeye alitoka Tunduru, ambako simba si hadithi. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, akiuza Oysterbay nje ya duka la Morogoro Stores kwa Wazungu waliotoka kununua siagi. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mwizi. Miaka minne ya kazi, basi, na tangu hapo kila ukuta wa hoteli kutoka Arusha mpaka hapa una mjukuu wake wa rangi. Alichora alichokijua. Ninachouliza ni kwa nini sisi tunachorewa alichokijua yeye.

Kijana mwenye picha alikuwa ametoka Dar na bomba la plastiki mgongoni, picha zimekunjwa ndani kama mikeka. Nikamuuliza mbona hachori papa potwe.

"Nimemchora, mzee wangu. Nimekaa naye msimu mzima. Mgeni anamtazama anauliza kama ni begi au ni chandarua. Simba hana maswali."

Sikuwa na jibu. Nikasogea kwenye vinyago vya Wamakonde, kazi safi ya mpingo. Kimoja nilikigeuza, nikakuta chini bado kina karatasi ya bei ya soko la vinyago la Mwenge, Dar. Nikakirudisha taratibu kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake.

Ngoma ikaanza, akatoka Mmasai. Huyu namfahamu, ni mlinzi wa usiku wa pale, kahawa chungu tunakunywa naye Kilindoni karibu kila Ijumaa. Akaruka. Akaruka tena. Wageni wakapiga picha Mmasai na bahari nyuma yake, na mashua ya Chole ikapita ikaharibu picha, wakangoja ipite. Alipomaliza akaja kusimama karibu yangu, anahema.

"Mwalimu, mimi niliajiriwa kulinda. Msimu wa kwanza wakaniambia niruke kidogo. Sasa naruka Jumatano na Jumamosi, siku zilizobaki nalinda."

"Wanakuongeza?"

"Wananipa soda."

Na si kwamba jambo hili haliwezekani kufanywa vizuri. Wenzetu Unguja, hoteli za Mji Mkongwe zikitaka muziki huita vijana wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, wakaja na udi na kanuni na fidla, wakapiga taarabu ile ile inayopigwa harusini. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, aliwaimbia watalii na aliwaimbia wari, sauti ile ile, sigara ile ile. Hakukuwa na Bi Kidude wa hotelini na mwingine wa nyumbani. Na Lamu, pale Shela, tangu mwaka 2011 Mjerumani mmoja, Herbert Menzer, amekuwa akialika wachoraji wa Ulaya waje kuchora. Wageni, lakini angalau wanakaa ufukweni wakatazama jahazi kabla ya kulichora. Hatakuja mtu akachora twiga kasimama forodhani.

Haya. Chini, kwenye sakafu ya saruji, walikuwa wamekaa wanawake sita wa Chole wakisuka ukili. Hawakuwa wageni waalikwa kama sisi wazee wa mila, wao walikuwa maonyesho. Na wa tatu kutoka kushoto alikuwa mama mkwe wangu.

Nikainama, nikamsalimu kwa adabu zote, macho chini. Akaitika bila kusimamisha vidole. Mama mkwe wangu husuka bila kutazama, kama wewe unavyotembea. Miyaa ameshaianika, ameshaichemsha na rangi, nyekundu hapa, zambarau pale, na ukili unateremka pajani mwake kama nyoka asiye na haraka. Akishapata pima za kutosha anauzungusha na kuushona ukawa mkeka. Huo mmoja kwa uchache ni mwezi, ukiondoa siku za misiba.

"Mwanangu," akaniita kwa chini. "Tazama nyuma yako, lakini usitazame sana."

Nikageuka kidogo kidogo. Mkeka wake ulikuwa umetundikwa ukutani, umepigiwa taa.

"Wameuweka kinyume. Huo ni mgongo."

Kweli. Nyuzi za mishono yote zimetoka nje, vishikizo vya rangi vinaonekana, kama mtu aliyevaa kanzu ndani nje akaenda kuswalisha. Mama mkwe hakuwa na hasira, alikuwa na aibu. Watu wa Jibondo wapo, watauona, watasema mwanamke wa Chole hajui kumaliza kazi. Nikamwambia nitawaambia wenyewe. Akanizuia: waache, ila asijulikane nani kausuka. Jina lake halikuandikwa popote, kwa hiyo hilo wenye hoteli walikuwa wameshalishughulikia.

Kisha akaniuliza ile karatasi ndogo ya pembeni inasemaje. Nikaisoma: dola 120. Akataka kujua ni ngapi kwa pesa zetu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikapiga kichwani, nikapunguza kidogo ili nisimpandishe presha. Yeye aliwauzia shilingi 35,000. Alinyamaza, vidole vikasimama kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Ningejua," akasema, "ningeweka na rangi ya tatu."

Nilitaka kulipuka pale pale kwa niaba yake. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Halafu nikakumbuka sebuleni kwangu. Mimi, mkwe wa msusi, nakalia mkeka wa plastiki wenye picha ya tausi, nimeununua Kilindoni kwa sababu unaoshwa kwa sabuni. Hoteli angalau imeutundika wa kwake, hata kama kinyume. Maneno nikayameza, yakakaa vibaya.

Juu ya meza ya chakula walikuwa wametundika madema matatu, ndani ya kila moja kuna balbu. Taa nzuri, sikatai, kivuli chake kinaingia kwenye sahani kama nyavu. Mvuvi mmoja wa Jibondo alikaa chini ya dema la katikati, akala huku anatazama juu. Nikamuuliza kuna nini.

"Nangoja samaki aingie," akasema.

Ndipo Maalim akanivuta mkono. Alikuwa amesimama mbele ya meza ndogo iliyozungushiwa kamba, na juu ya meza, kwenye kitambaa cheusi, chini ya taa yake peke yake, ilikuwapo mbuzi ya mama yangu. Wameipaka mafuta. Kale kamshipi ka waya nilikokafunga mwenyewe mwaka nisioukumbuka bado kapo. Na karatasi, kwa Kiingereza na Kiswahili: "Marufaa ya kale. Hutumika kuwekea kitabu kitukufu wakati wa kusoma."

Maalim alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akasoma tena.

"Mwalimu," akasema polepole, "hii si ndiyo aliyokuwa akikalia mama yako?"

Tukamwita meneja. Kijana wa bara, mstaarabu kabisa, ametuamkia wote wawili vizuri. Akatueleza kwamba alitafuta mwenyewe kwenye intaneti: mbao mbili, zimepitana katikati, zinafunguka hivi, ni marufaa. Na haki yake nimpe, ukiziweka pamoja kwenye giza zinafanana. Mafundi wetu walilipenda umbo moja wakalitumia msikitini na jikoni. Nikamuuliza na hili jino la chuma je?

"Hilo nilidhani ni la kugeuzia kurasa."

Maalim alimtaja Mungu kwa sauti. Nikamweka kijana kando kabla mambo hayajafika kwa shehe wa wilaya, nikamwambia hii ni mbuzi.

"Aa, mbuzi huyu..."

"Mbuzi hii."

Kuuliza kungemgharimu nini? Mwaka 1965 Mwingereza Pat Caplan alifika Kanga, kijiji cha kaskazini ya kisiwa hiki, akakaa mikekani na akina mama, akaandika, na miaka iliyofuata akarudi tena na tena. Yeye alivuka bahari mbili ili aulize. Meneja wetu alikuwa na wapishi saba wa kike nyuma ya ukuta wa simba.

Zogo letu likaleta wageni. Bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe kama tui la kwanza, akataka kujua wazee wanabishana nini. Mtembeza watalii akamtafsiria kwamba kifaa hiki kinaitwa mbuzi, yule mnyama. Bibi akakiinamia, akakitazama pande zote, akauliza kinakamuliwa wapi.

"Waonyeshe, Mwalimu," akasema Maalim. Nilimtazama. Hakuwa anatania, alikuwa anataka karatasi ile ifutwe kwa ushahidi wa macho.

Wasomaji wa mbali mtanisamehe, nieleze. Kwetu mwanamume hukuna nazi akiwa hana mke, hana dada, na komeo limetiwa. Mimi nilikuwa na mke nyumbani, dada wanne, na mama mkwe hatua kumi kutoka nilipo. Lakini nazi ilikuwa imeshaletwa na mpishi, imeshavunjwa, na yale maji nimeshapewa ninywe. Kamba ikatolewa. Nikapandisha kanzu kidogo, nikakaa.

Goti la kulia lililia. Mgongo ukanikumbusha umri. Nikaishika nazi kwa viganja viwili, nikaisogeza kwenye jino, na mikono ikaanza yenyewe.

Mimi ni kitinda mimba. Mama alipozeeka mikono, mimi ndiye niliyemkunia, mlango umefungwa, yeye amekaa kizingitini anasikiliza hatua za watu. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau kwamba ile mbuzi inavutia kushoto, kwa hiyo unazungusha nazi nusu, unainua kidogo pale penye meno yaliyokatika, unarudi. Kikalio kilinitambua. Nazi ikashuka kwenye sinia nyeupe, nyepesi, na harufu ile ikaja, na kwa muda kidogo sikuwa Utende. Hata nikapitiliza. Nilisikia jino limegusa kifuu, nikajua chembe imeingia.

Nilipoinua macho kulikuwa na simu thelathini zinanitazama. Wapishi wote wametoka jikoni, mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakadakia. Wageni wakapiga makofi. Mama mkwe amejifunika kanga mpaka machoni na mabega yanamtikisika. Anacheka au analia, mpaka leo sijathubutu kuuliza.

Meneja alinifuata nikiwa bado natafuta namna ya kusimama.

"Mzee, wageni wamefurahi mno. Unaonaje iwe kila Alhamisi? Tutakupa elfu ishirini."

Elfu ishirini. Bei ile ile waliyonunulia mbuzi nzima, pamoja na kumbukumbu zake.

"Na soda," akaongeza.

Kule kwenye nguzo, Mmasai aliinua chupa yake kunisalimu.

Nilikataa, naomba ieleweke. Nilikataa mpaka Jumatatu. Jumanne nikaletewa bili ya umeme. Sharti langu lilikuwa moja: karatasi ibadilishwe na mkeka ugeuzwe. Nikahesabu baadaye nikaona ni mawili, lakini walikubali yote. Sasa karatasi inasema: "Mbuzi. Kifaa cha kukunia nazi." Nimeiandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni. Jina la mama mkwe nalo nililiandika chini ya mkeka. Alipoliona akasema sawa, ila huo mkeka si wake, wake ulishanunuliwa na Mzungu wiki iliyopita, huu ni wa jirani yake ambaye hawasalimiani.

Alhamisi ya kwanza nikauliza nazi niliyokuna inakwenda wapi. Mpishi akainamisha kichwa. Jikoni kwao wanatumia tui la pakiti, la boti, chapa ile ile ya kwangu. Nazi yangu ya mkono wanapewa kuku. Nikaomba mfuko wa plastiki, nikaibeba nyumbani.

Mke wangu aliipokea bila kusema kitu. Usiku ule tukala wali wa nazi, wali wenyewe, uliokamuliwa tui kwa kifumbu cha jirani maana cha kwetu sijui nilikiuza kwa nani. Tulikula kimya, na kimya cha mke wangu mbele ya chakula ni sifa kubwa. Kisha taya lake likasimama. Akatia vidole mdomoni, akatoa kichembe cheusi cha kifuu, akakiweka ukingoni mwa sahani, akakitazama, akanitazama.

"Umekipata wewe," nikasema, kabla hajasema. "Sheria unaijua."

"Naijua. Lakini aliyekuna nani?"

Nikaosha. Vyombo vilikuwa vingi kuliko watu waliokula, sijui vilitoka wapi. Alhamisi ijayo nitamuuliza meneja kama hii nayo haina soda yake.